Ngome Kongwe, Mhariri Asiyetajwa

Jina la mhariri wa filamu hupita mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshasimama, huyu anatafuta viatu, yule anaita watoto. Katika tamasha la filamu la Zanzibar yuko mhariri mwingine ambaye jina lake halipiti hata hapo mwishoni. Ni Ngome Kongwe yenyewe: kuta zake, ngazi zake za mawe, upepo unaoingia kutoka baharini na mji ulioizunguka. Naandika kama mpenzi wa picha anayekaa ngazi za kati pamoja na watu wengine, si kama jaji wa tuzo. Ninachodai ni kwamba filamu ikioneshwa pale hukatwa upya usiku huohuo, na mhakiki anayeisoma filamu bila kuusoma uwanja anaandika juu ya filamu ambayo waliokuwapo hawakuiona.

Tuanze na umbo la mahali. Waomani waliijenga Ngome mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kung'olewa, pale palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Baadaye ilipata kuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika kwa kazi za reli iliyokuwa ikienda Bububu. Ngazi za duara za kukalia watazamaji ziliongezwa miaka ya 1990. Tamasha, ambalo wengi wetu tunaliita ZIFF tu, lilianzishwa 1997, likafanyika mara ya kwanza 1998, na tangu hapo Ngome ikawa jukwaa lake kuu. Hakuna fundi aliyewahi kupiga hesabu za sinema wakati kuta zile zinainuliwa. Zilijengwa kuzuia maadui. Leo zinazuia kiasi tu cha mwanga na kiasi tu cha kelele, na kile kisichozuilika ndicho kinachoingia kwenye picha.

Jambo la kwanza ambalo ngazi za duara hufanya ni kuwaonesha watazamaji sura za wenzao. Katika ukumbi wa kawaida wote tunatazama upande mmoja, na jirani yako ni bega na pumzi. Ngomeni, ukikaa pembeni, skrini iko kushoto kwako na upande wa pili kuna mama amejifunika kanga mabegani, mkono mdomoni, kwa sababu ameshaelewa kabla yako kwamba mume yule anadanganya. Uso wake unaingia kwenye filamu. Mwongozaji alikata kutoka kwa mume kwenda kwa mke. Wewe umekata kutoka kwa mume kwenda kwa mama mwenye kanga, kisha ukarudi. Mkato huo haukuwa kwenye nakala iliyoletwa.

Halafu mwanga. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na siku za tamasha, kwa kawaida kati ya Juni na Julai, jua huzama mapema, baada kidogo ya saa kumi na mbili jioni. Giza huingia haraka, lakini haliingii lote. Forodhani mbele ya Ngome kuna taa za wauza mishkaki na juisi ya miwa, kuna mwezi, kuna simu za mikononi. Jirani ni Beit el Ajaib, jumba linalosifika kwa kuwashwa taa za umeme mapema kuliko majengo mengi ya Afrika Mashariki, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Projekta haina uwezo wa kurusha weusi. Inarusha mwanga tu. Weusi tunaouona ni pale mwanga usipotua, na huo unakuwa mweusi kwa kadiri giza la mahali linavyoruhusu. Ngomeni giza haliruhusu sana. Weusi wa filamu unageuka kijivu, na filamu iliyoweka siri zake ndani ya weusi inapata taabu.

Mfano mzuri ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 na kuanzia Toronto kabla ya kurudi nyumbani mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2022 Tanzania iliichagua kuwania Oscar, ya pili baada ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001. Na Mhando huyo ndiye aliyekuja kuliongoza tamasha hili kwa miaka mingi. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua hadithi kutoka riwaya ya Adam Shafi ya 1999. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mwanamume wa kumzaa, anamkimbia mumewe na kuvuka kwenda mtaa wa Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, mwimbaji wa taarabu. Huko anakutana na Denge, kijana wa siasa anayewindwa na serikali ya mkoloni.

Riwaya ya Shafi ni ya mazungumzo. Watu wanabishana, wanataniana, wanatongozana kwa kurasa, na msomaji anawajua kwa ndimi zao. Shivji aliyapunguza maneno hayo, akachukua usiku. Filamu yake inapenda chumba chenye taa moja, kichochoro, mvua, uso unaojitokeza nusu na nusu ukabaki kizani. Wapo watakaosema hayo ni mapambo ya mwongozaji anayetaka kupendeza majaji wa ng'ambo ya bahari. Mimi naona ni hoja. Serikali inayomtafuta Denge ni serikali inayotaka kuona: nani kaingia nyumba gani, karatasi imebandikwa na nani. Watu wake wanaishi kwa kutoonekana. Filamu inapomweka Denge kwenye kivuli inamlinda, na sisi tunaokaza macho kumtafuta tunajikuta tumesimama walipo polisi. Hilo ni jambo zito kulifanya kwa taa peke yake, na riwaya, kwa kuwa inasema kila kitu kwa maneno, haikuweza kulifanya kwa njia hiyo.

Sasa iweke filamu hiyo chini ya anga la Ngome. Kivuli kinachomficha Denge kinakuwa kijivu, na mtazamaji wa ngazi za juu haoni uso wala kivuli, anaona ukungu. Ile kazi ya kumfanya mtazamaji akaze macho inapotea. Macho yanachoka tu. Siasa ya Denge, kwa kuwa imejengwa juu ya giza, inafifia pamoja na giza.

Lakini kuna kinachopanda Denge anapofifia, na hapa ndipo uwanja unapohariri kwa maana kamili. Mwajuma anachezwa na Siti Amina, ambaye Unguja inamjua kama mwimbaji kabla ya kumjua kama mwigizaji. Sauti haihitaji giza. Anapoanza kuimba, ukuta wa mawe unairudisha sauti yake, na watu waliokuwa wakijikunyata kwa upepo wanakaa sawa. Hadhira ya taarabu imefundishwa tangu utotoni kwamba wimbo haukatizwi na wimbo hujibiwa: kwa kichwa, kwa mkono, kwa mguno. Wanaujibu. Katika ukumbi uliofungwa Mwajuma ni rafiki wa stelingi. Anampa Yasmin pa kulala, anatia ucheshi na nyimbo katika hadithi ya watu wengine. Ngomeni anakuwa stelingi mwenyewe, na Yasmin na Denge wanakuwa watu wanaopita nyumbani kwake. Nikairudia hadithi kichwani kutoka kwake nikaona inakaa: mwanamke wa Ng'ambo ambaye mlango wake uko wazi, na historia ya nchi inaingia na kutoka kupitia mlango huo. Sidhani Shivji aliipanga hivyo. Uwanja ndio uliopanga, kwa kumnyima mmoja giza na kumpa mwingine mwangwi.

Iongezee hiyo jiografia. Ng'ambo inayotajwa kwenye filamu iko dakika chache kwa miguu kutoka ngazi zile: unapita vichochoro, unatokea Darajani, unavuka barabara, umefika. Zamani hapo katikati palikuwa na mkono wa bahari, na kuvuka kulikuwa kuvuka kweli. Yasmin anapovuka, Toronto waliona msichana anahama mtaa. Ngomeni kila mtu alijua amevuka nini, na wengine usiku huo wangerudi kulala upande uleule alioukimbilia.

Nimesema sauti haihitaji giza. Inahitaji kimya, na kimya nacho Ngomeni ni cha kugawana. Kiasi cha saa moja na nusu usiku adhana ya Isha huanza. Haianzi pamoja. Msikiti mmoja unatangulia, wa pili unadakia, wa tatu wa mbali unaanza wakati wa kwanza unamaliza, na kwa dakika kadhaa mji mzima una sauti nyingi zenye maneno yaleyale kwa nyakati tofauti. Kuna wakati filamu husimamishwa, kuna wakati huachwa iendelee, na athari za njia hizo mbili hazifanani hata kidogo. Ikisimamishwa, tukio linakatwa mahali ambapo mwongozaji hakuweka mkato, na picha iliyoganda inapata uzito ambao haikuukusudia: nimewahi kuitazama sura moja ya mwigizaji, mdomo wazi, kwa muda wote wa adhana, na alipomalizia neno lake nilikuwa nimeshamsamehe kosa ambalo hadithi ilitaka nimlaumu nalo. Ikiachwa, adhana inakuwa sauti ya usuli, na filamu ya harusi ya Bombay au ya mtaa wa Kampala inajikuta imefanyika Unguja.

Wanaoumia hapa ni waongozaji wa kimya kirefu. Kuna mtindo wa filamu za matamasha ambao unaijua vizuri njia ya kumweka mtu dirishani kwa dakika nzima bila neno, ili tusikie saa ya ukutani. Ngomeni hatusikii saa. Tunasikia vespa, tunasikia kijana wa Forodhani anakamua miwa kwenye mashine, tunasikia mtoto akimuuliza mamaye kama yule mtu kalala. Filamu ya namna hiyo inaporomoka, na si kwa sababu watazamaji ni wakorofi. Imeandika nafasi kubwa tupu mahali pasipo na utupu, na mji unaijaza.

Kuhusu ukorofi huo wa watazamaji, kuna historia ndefu ya watu kutusemea. Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake, na William Sellers, mtu wake mkuu, alieneza nadharia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata sinema ya kawaida. Filamu kwa ajili yake ziende polepole, kamera itulie, mkato uwe mchache, picha za karibu zisije ghafla, na ujanja wowote wa kupita muda au mahali uepukwe. Kabla yake, kati ya 1935 na 1937, Tanganyika ilikuwa tayari imefanyiwa jaribio la filamu za kuelimisha, kutoka milima ya Usambara. Hiyo ilikuwa nadharia ya umbo, hata kama walioiandika waliiita huduma.

Wakati nadharia hiyo ikiandikwa, Wazanzibari walikuwa wakilipa pesa zao wenyewe kutazama kinyume chake. Sinema ya Majestic ilifunguliwa Vuga mwaka 1955, mahali pa Royal iliyoteketea kwa moto. Kulikuwa na Empire, kulikuwa na Sultana. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 juu ya watazamaji wa sinema wa Tanzania, ameonesha jinsi filamu za Kihindi zilivyopendwa, na Awaara ya Raj Kapoor ya 1951 ikakaa vinywani mwa watu kwa miaka. Awaara ina ndoto ya karibu dakika 9: ngazi zinazopanda mawinguni, moshi, sanamu kubwa kupita kiasi, mashetani, mama, mpenzi, nyimbo zinazoingiliana, na hakuna mtu anayekueleza kwamba hii ni ndoto ya mwizi anayetaka kuokoka. Watu wa Ng'ambo, wengine wasiojua Kihindi hata neno, waliifuata ndoto hiyo na wakatoka wanaiimba. Sellers angekuja Zanzibar Jumapili jioni angeona nadharia yake ikipigiwa miluzi.

Watoto na wajukuu wa watazamaji hao ndio wamekaa ngazi za Ngome, na wengi wamepita pia kwenye kibanda umiza, ambako filamu ya Hong Kong au Nigeria ilikuja na msimulizi juu yake. Lufufu, aliyejipatia jina Tanzania nzima kwa kazi hiyo, hakuwa akitafsiri. Alikuwa akiicheza filamu upya, akiwapa waigizaji makabila na akiwaonya waliokaribia kupigwa. Mtu aliyekulia huko hawezi kukaa mbele ya skrini kama yuko hospitali. Anasema. Akisema vizuri, ngazi nzima inamcheka, na mzaha wake unakuwa sehemu ya tukio.

Kicheko chenyewe kina umbo lake, na nadhani hakuna mahali pazuri pa kulisikiliza kuliko pale. Filamu ya Kiswahili ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini, maandishi hutokea yote kwa pamoja mwigizaji akiwa bado katikati ya sentensi. Wageni husoma haraka na kucheka. Nusu ya sekunde baadaye mwigizaji anamaliza, na wenyeji wanacheka. Mawimbi mawili. Mwigizaji wa Kiswahili ambaye ucheshi wake uko kwenye neno la mwisho anaharibiwa, kwa kuwa robo ya uwanja imeshacheka kabla hajalitamka. Yule ambaye ucheshi wake uko usoni baada ya neno anafaidika: mawimbi yote mawili yanamkuta, naye anaonekana kama alikuwa akiyangoja. Kwa kipimo hiki baadhi ya wachekeshaji wetu wa runinga huanguka Ngomeni, na baadhi ya waigizaji wanyamavu hupaa.

Filamu za kutoka nje zina wimbi la tatu, la minong'ono. Filamu ya Kiarabu, ya Kimalagasi au ya Kihindi kwa kawaida husafiri na maandishi ya Kiingereza au Kifaransa. Mtoto wa sekondari anasoma, anamnong'oneza bibi yake, bibi anamwambia jirani. Habari inapanda ngazi ikichelewa, na inabadilika njiani. Nilisikia mhusika mmoja akiwa daktari ngazi za chini na mganga ngazi za juu, na filamu ikaenda sawa kwa wote.

Tamasha halikai mjini peke yake. Kwa miaka mingi limekuwa likipeleka filamu shamba, vijijini Unguja na hata Pemba, kwa kitambaa cheupe na jenereta. Kitambaa chepesi hupitisha picha, hivyo watoto waliokosa nafasi mbele huhamia nyuma na kutazama huko, kila kitu kikiwa kimegeuzwa, wa mkono wa kulia akawa wa kushoto, maandishi yakisomeka kinyume. Hawalalamiki. Ningependa kila mhariri wa filamu akae huko nyuma usiku mmoja, aone ni kiasi gani cha kazi yake kinasimama bila maandishi na bila upande.

Filamu moja iliyoyajua haya kabla ya kufika ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, kutoka Kenya, ya 2018. Jo ni msichana mgonjwa ambaye hatapona, anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake anawashawishi wanakijiji wamfanye aamini kwamba naye ana nguvu hizo, na mwishowe wote wanatengeneza filamu yake. Umbo lake ni la busara: kila udanganyifu wa kamera tunaoneshwa unavyotengenezwa, nani anavuta kamba, nani anajificha, na bado tunauamini. Ndiyo maana haiharibiki uwanja wa wazi. Imekwisha kuweka ndani yake watu wanaosema, mitambo ya kuungaunga, na kijiji kilichokaa pamoja mbele ya picha. Kelele za nje zinapoingia zinakuta nafasi zimeshaandaliwa.

Kuna pia mpangilio wa tamasha zima, ambao nao ni uhariri. Limejiita tamasha la nchi za jahazi, na tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Kwa jadi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja Unguja na kaskazi, kuanzia Desemba, yakaondoka na kusi. Tamasha linafanyika katikati ya kusi, msimu wa kuagana. Sababu ni za kawaida: mvua za masika zimekwisha na wageni wa Ulaya wako likizo. Lakini kusi ndiyo inayoitikisa skrini usiku, na mtazamaji anaiona bahari ya kwenye picha ikitikiswa na upepo wa bahari ya nje. Hotuba za wakubwa kabla ya filamu, kwa upande mwingine, hazina la kuzitetea. Zinakula dakika za giza bora, na muziki wa baada ya filamu unaanza watu hawajapata nafasi ya kubishana.

Kwa hayo yote, hukumu yangu ni kwamba Ngome inapendelea. Inapendelea uso kuliko mandhari, wimbo kuliko kimya, umati kuliko mtu mmoja dirishani, na mwanamke anayeimba kuliko mwanamume anayejificha. Nimeona filamu nzuri zikishindwa pale na filamu za kawaida zikishangiliwa, na sioni haja ya kuuhamishia mji kwenye ukumbi wenye kiyoyozi ili kuzilinda. Ninaloomba ni kwa wanaotengeneza filamu wakitaka tuzitazame: tayarisheni nakala ya Ngome. Inueni mwanga wa matukio ya usiku, shusheni kimya chenu chini ya adhana badala ya kushindana nayo, na andikeni maandishi ya Kiswahili chini ya filamu zisizo za Kiswahili, herufi kubwa, ili bibi wa ngazi za juu asome mwenyewe kama yule ni daktari au mganga.